Kitabu Hakina Bi Ghaniya

Rayya amemwaga mkoba wote juu ya busati:
rula, kifutio kilichotafunwa pembe,
daftari la hesabu, daftari la kusoma lenye jalada la kijani.
Nje, Ibra imenyamaa kwa joto.
Viyoyozi tu vinakoroma, ukuta kwa ukuta.

"Hii yako, Baba," ananambia.
Anasoma Kiarabu cha kitabu, ananigeuzia kwa lugha ya nyumbani:
*Lori la maji limebeba galoni elfu tano.
Bomba linatoa galoni mia na ishirini na tano kwa dakika.
Litakwisha maji baada ya muda gani?*

Mwaka wa kumi na nane huu naendesha lori la maji.
Nikamjibu bila kalamu: dakika hamsini.
Akagawa, akafuta, akapuliza vumbi la kifutio, akagawa tena.
"Arubaini."
"Arubaini ya nani? Mpira una viraka vitatu.
Bi Ghaniya mpaka atafute ufunguo wa geti,
mpaka anitilie kahawa, na kahawa ya mtu mzima
hukatai, wala hunywi kikombe kimoja."
"Kitabu hakina Bi Ghaniya,"
akapiga mistari miwili chini ya arubaini. Kwa rula.

Likaja daftari la kijani.
Hadithi ya msichana, anaitwa Salha.
Kaka yake kamwachia saa ya mkono. Saa imesimama.
Fundi yuko mtaa wa pili, na haipeleki.
*Kwa nini? Jibu kwa nusu ukurasa. Toa ushahidi.*

"Hana pesa," nikasema mimi, bingwa wa dakika.
"Nioneshe mstari."
"Basi mvivu."
"Baba. Mstari."

Nikaipitia hadithi kwa kidole, neno baada ya neno.
Pesa sikuziona. Uvivu sikuuona.
Kitabu cha hesabu kina majibu kurasa za nyuma,
nimechungulia hata ya wiki ijayo.
Hiki cha hadithi, nyuma kina jina la kiwanda cha chapa
na doa la chai, la kwetu.

Mama akauliza kutoka jikoni, saa ngapi.
"Tatu, Bibi!"
Kwenye simu yangu ni tisa.
Kwenye lori, huko nje gizani, ni nane.

Rayya akanyanyua kichwa.
"Na ile ya lori, kwa nini huitengenezi?"

Ile aliirudisha nyuma Suudi, mdogo wangu,
zamani za zamu zake za usiku:
apate kujua Unguja saa ngapi,
asije akamwamsha mchumba wa watu kabla ya alfajiri.
Mwaka wa sita sasa tangu tumzike.
Kila asubuhi naitazama, naongeza moja, nakwenda zangu.
Kitufe kipo palepale, chini ya redio. Mkono unafika.

"Sina wakati," nikamwambia.
Akanitazama
vile anavyoitazama namba isiyogawanyika.
Kisha akainama, akaandika, ulimi nje kidogo,
mkono mmoja kaufunika ukurasa nisione.

Alipolala nikalifungua daftari.
Mengine yake na mwalimu wake.
Mstari wa mwisho ulikuwa huu:
*Ushahidi haumo ndani ya hadithi. Umeegeshwa nje.*

Atakatwa alama, najua.
Nilitaka kumwamsha nimwambie afute,
nikasimama mlangoni na kifutio mkononi
mpaka kiyoyozi kikazima na kuwaka tena.

Leo nimepeleka maji kwa Bi Ghaniya.
Nimefungua bomba, nikaitazama saa ya Suudi.
Nimefunga bomba, nikaitazama tena.
Hapo sikuongeza moja; hapakuwa na haja,
saa ikichelewa, dakika zake hazichelewi.
Hamsini na moja.
Nimemwandikia Rayya nyuma ya risiti.
Kahawa ilikuwa vikombe vitatu, iliki imezidi.